Sabini na Nne

Jumapili kabla ya chai nikasimama ukutani
miguu mitupu, kitabu cha hesabu cha darasa la saba
nimekibana katikati ya mapaja, juu kabisa,
na Salha, penseli mkononi, anacheka mpaka anapaliwa.
"Mama, simama wima! Wayumba!"
Sabini na nne toka sakafuni.
Mara sifuri nukta sita saba:
arubaini na tisa na ushei.
Miaka ishirini nafundisha kuzidisha,
na hilo ndilo jibu la kwanza kunihusu mimi.

Kwa Chengo, nyuma ya maduka ya Mwembe Tayari,
baiskeli zaning'inia vichwa chini
kama popo wasiojua kwamba kumekucha.
Zimeshuka na kontena, zingali na stika
za miji ambayo mimi na yeye hatuwezi kuisoma.
Nikaiona moja nyekundu. Kaboni.
Nikainyanyua kwa kidole, wallahi, kidole kimoja,
na moyo ukanifanya kile ulichonifanya
dukani kwa sonara, nina miaka kumi na tisa.

Chengo hakunisifia. Alitoa sarafu ya shilingi kumi
akaigonga fremu taratibu, inchi kwa inchi,
ameinamisha sikio kama mtu achaguaye nazi.
Ti. Ti. Ti. Ti.
Kisha, chini ya siti: du.
"Umesikia, mwalimu? Nje rangi, ndani ufa.
Na hata ingekuwa nzima, hii ni hamsini na sita.
Ungeilalia kifudifudi
kama anayetafuta hereni chini ya kitanda."

Ya pili ilikuwa chuma, shingo nyembamba, mashallah.
Lakini chuma na chumvi ya hapa ni wake wenza;
nondo za dirisha langu la jikoni zajua.
Ya tatu ilikuwa kijivu cha sufuria,
aluminiamu, ina mikwaruzo miwili, haimtongozi mtu.
Hamsini.
"Na hiyo sehemu iliyozidi?" nikamuuliza.
"Hiyo ni ya viatu."

"Na mzigo je?" akadakia muuza kahawa wa kona,
akitazama mahali pa keria, pasipo na kitu.
Swali la haki. Mjini kwetu baiskeli ni punda:
mitungi ya maji, mitungi ya gesi, magunia ya mkaa.
Babangu alikuwa na yake nyeusi, ndefu,
makreti manne yakimpita mabega,
nami kando yake kwa miguu, kwani nafasi
ilikuwa ya boflo, si ya mtoto.
Leo mimi hapa nataka kununua
kitu kisichobeba hata kitunguu.

Alisema thelathini na nane. Nikasema ishirini na tano.
Akatazama mabati ya paa
kana kwamba bei imeandikwa huko.
Tukaagana mara mbili, nikarudishwa mara mbili.
Thelathini na moja, na pampu, na tyubu mbili,
na raba mpya za breki, azifunge nikiona.
Pesa ya kibati, iliyokuwa ya friji.
Friji ya zamani ingali inakoroma;
tumeelewana, itanivumilia.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
mtandio chini ya kofia ngumu, suruali ya Salha,
nikaukabili mwinuko wa daraja la Nyali.
Gia zikaguguna. Nami nikaguguna zaidi.
Basi kuliani kwangu, bila haraka yoyote,
akanipita mtu mwenye kandambili
na baiskeli nyeusi, makreti yamemfunika mgongo.
Akatupa jicho nyuma ya siti yangu.
"Umebeba nini, mama?"

Nilikuwa na jibu. Pumzi ndiyo sikuwa nayo.
Elfu thelathini na moja, nami nimepitwa na mikate!
Kileleni upepo ukanishika shavu,
nikazibana breki, nikazilegeza, nikaziachia.
Yeye keshapotelea upande wa Kongowea,
lakini harufu ya boflo la moto
ilikuwa bado imetanda barabarani,
nikaifuata.